Tela Tulilolizika Shambani

Mimi nikiogopa, mdomo unafunguka. Wenzangu wakiogopa hukimbia, wengine hulia, mimi nachekesha. Mwalimu wa zamu ananijua: fimbo ikiwa bado iko hewani nimeshasema neno, darasa limeshacheka, na kwa neno hilo naongezewa nyingine. Kwa hiyo mtu akisoma hapa akacheka, asidhani kwamba mwaka ule nyumbani kwetu kulikuwa na raha. Kulikuwa na hofu tupu, tena hofu ya kukaa nayo mezani, ya kula nayo ugali wa ulezi kutoka sahani moja.

Ulikuwa ule mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Redio ilisema, na Sumbawanga nzima ikaanza kuzitazama nyumba zake kwa jicho la askari. Mwenye sabuni nyingi alijiuliza nyingi ni ngapi. Jirani yetu alimwaga katoni ya betri chooni, nikasema ipo siku mtu atakwenda kujisaidia pale choo kiwake taa. Bibi alicheka. Baba hakucheka.

Baba ni fundi chuma. Babu yake alikuwa mmoja wa wale Wafipa wa kuyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, lakini baba hayeyushi kitu, yeye hukusanya chuma kilichokufa akakifufua. Nyumba yetu iko Izia, upande ule ambao mji umechoka na shamba limeanza. Ukitoka jikoni unakanyaga mahindi. Uani kwetu kulikuwa na springi, rimu, mabati, vipande vya chasisi, vyuma ambavyo hata baba hakukumbuka vilitoka kwenye mnyama gani. Zamani niliona ni takataka. Mwaka ule kila chuma kilianza kuonekana kama shahidi.

Basi kabla ya hayo yote kupamba moto, alikuja mwenyekiti wa kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya kwenda Kasesya. Mtu mnene, mpole, anaendesha baiskeli kama anaiomba radhi. Kijiji chake kilikuwa na trekta lakini hakikuwa na cha kukokota, na mahindi ya shamba la pamoja yalikuwa yakibebwa kwa vichwa vya kina mama.

"Fundi, tutengenezee tela," alisema. "Dogo tu, jepesi. La kubeba magunia, si la kubeba milima."

Baba alifurahi mno. Alikuwa amekwisha tengeneza majembe, milango, vitanda, hata kengele ya kigango. Tela lilikuwa bado. Akaenda kwa mkaguzi wa magari kuuliza taratibu, nikaenda naye kwa sababu mama alikuwa Wampembe akimuuguza bibi yangu mwingine, na baba hapendi kuingia ofisini peke yake. Anasema kuta za ofisi zinamsikiliza.

Mkaguzi alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, sare imenyooka, na mfukoni ana rula ya chuma. Alituamkua vizuri kuliko nilivyotegemea, akatukalisha.

"Fundi, kutengeneza najua unaweza," alisema. "Lakini tela si kabati. Kabati likivunjika linamwangukia mwenye nguo. Tela likikatika linamwua mtu ambaye hata hakujua kama lipo."

Halafu akaanza kutaja. Kwanza aione michoro. Halafu aione fremu ikiwa tupu, kabla ya rangi, kwa sababu rangi huficha dhambi. Mkono wa kukokotea ugongwe namba na alama ya fundi. Kuwe na mnyororo wa usalama, pini ikichomoka mnyororo ushike. Ubavuni kuandikwe uzito wa tela likiwa tupu na uzito wa juu kabisa likiwa limepakia. Nyuma kuwe na vioo viwili vyekundu vya kurudisha mwanga, kila upande kimoja.

"Dereva anayekuja nyuma usiku au kwenye ukungu," alisema, "avione viking'aa kama macho ya fisi. Asipoviona, ni msiba."

"Sawa, afande," baba akasema.

"Na lisiguse barabara kabla sijalipitisha na kulipa namba. Ukimkabidhi mwenyekiti kabla ya hapo, mtanisalimia kutoka mahabusu, wewe na yeye." Akafungua faili. "Ekseli umeipata wapi? Stakabadhi unayo?"

Baba akasema, "Ninayo. Nitaileta."

Hakuwa nayo. Nilijua hana. Ekseli ilitoka kwenye landrova iliyopinduka miaka mingi iliyopita kwenye mteremko wa kwenda Ziwa Tanganyika. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Wampembe, mjomba wa mama, na baba aliichukua kwa gunia la ulezi. Ulezi hautoi stakabadhi. Unatoa pombe.

Tangu siku ile baba alikuwa mtu mwingine. Alifanya kazi vizuri, lakini gari likipita njiani nyundo ilisimama hewani mpaka mlio uishe.

Sharti lililonichekesha ni la uzito. Tela lilitakiwa lipimwe, na mzani ulikuwa kwenye ghala la mazao, na kati ya kwetu na ghala kuna barabara, na barabara tumekatazwa. Baba alikaa chini, akafikiri, akainuka. Alikuwa amelifunga kwa boliti tupu maana umeme wa kuchomelea ulikuwa wa kubahatisha, basi akalifungua lote. Tukalibeba vipande vipande kichwani kama watu wanaohama: baba na mwenyekiti na ekseli, mimi na gurudumu, bibi na kapu la boliti. Karani wa ghala akapima kila kipande kwenye mzani wa magunia, akajumlisha, akauliza kama hicho ndicho chakula tulichovuna mwaka huu. Nikamjibu ndiyo, na kinachukua muda kuiva.

Mkaguzi alipokuja kuiona fremu imeunganishwa tena, alizunguka, akainama, akagongagonga. "Boliti hizi zitalegea barabarani. Zikaze, kisha ponda ncha zake zote, zisifunguke tena milele." Baba akaziponda zote. Mkaguzi akasema mengine yako vizuri, bado vioo na maandishi, na stakabadhi ya ekseli. "Nikipata mafuta nitakuja mwenyewe kulimaliza."

Mafuta mwaka ule yalikuwa kama mvua ya kiangazi. Tukasahau kabisa kwamba alisema hivyo. Baba akafunga vile vioo viwili, alivitoa kwenye basi bovu, na mimi nikavisugua kwa majivu mpaka nikajiona sura mbili nyekundu.

Jumamosi moja mchana mwenyekiti akaja na baiskeli mbio, mara ya kwanza namwona akiendesha bila kuomba radhi. Hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Fundi, wanapekua. Wako Katandala. Wamemchukua mtu aliyekuwa na matairi jikoni. Wanasema kesho keshokutwa ni Izia."

"Tela ni la kijiji," baba akasema. Sauti ilikuwa nyembamba.

"La kijiji lina namba? Limeshapitishwa?" Mwenyekiti alijifuta jasho. "Wakiuliza ekseli imetoka wapi, mimi nitasema nini? Nitasema imeota?"

Akaondoka kwa njia nyingine, siyo aliyojia.

Baba alikaa juu ya ule mkono wa kukokotea, mikono katikati ya magoti. Maisha yangu yote sijawahi kumwona amekaa hivyo. Lile tela ndilo kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na halikuweza kufunguka tena, maana boliti zimepondwa kwa amri. Halikuweza kuondoka, maana barabara haligusi. Na likikutwa hapo, ni yeye ndiye atakayeondoka. Nilianza kufikiri nani atamwambia mama, na kwa maneno gani.

"Limepata homa, tulilaze," nikasema. Mdomo, si mimi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni anapepeta. Akaweka ungo chini. "Huyu mtoto ana wazimu, lakini tulilaze kweli. Watu wote si wanalima?"

Ulikuwa mwisho wa mvua, wakati wa kupiga ntumba. Asiyetoka Ufipa nimwambie: tunalima majani mabichi, tunayakusanya rundo, tunayafunika kwa udongo mpaka inatokea tuta kubwa la mviringo, majani yaoze ndani, juu tunapanda maharage. Msimu ule shamba lote la nyuma, letu na la majirani, lilikuwa matuta hayo, na kila mtu ana jembe mkononi. Hakuna anayemuuliza Mfipa mwenye jembe anafukia nini.

Tukafanya mchana kweupe. Tukavua magurudumu, tukayasukuma chini ya kitanda cha bibi. Tukaliburuta tela mpaka shambani, karibu na kijia cha nyuma, tukachimba kidogo tukalilaza, tukalijaza majani, tukalifunika udongo. Jirani akapita akasema, "Hongereni kwa kazi," tukasema, "Asante, na wewe," tukazidi kufukia.

Bibi akasimama akalitazama. "Ntumba ni ya mviringo, kama tumbo la mjamzito. Hili refu hivi ni nini? Hili ni kaburi."

"Mama, nani atapima?" baba akasema.

"Tuchomeke na msalaba," nikasema.

Baba akanitazama, nikaacha.

Usiku wa Jumapili mvua ilinyesha ile ya mwisho mwisho, nzito. Hakuna aliyefikiria mvua na udongo mbichi.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umekaa Izia kama maziwa kwenye kikombe. Nilikuwa na sare, nakwenda kuchota maji kabla ya shule, nikasikia injini. Haikuja kwa mbele. Mbele kulikuwa na tope, kwa hiyo ilikuwa inakuja kwa kijia cha nyuma, polepole, kupitia shambani.

Ndani baba aliweka kikombe chini. Bibi alipanda kitandani juu ya magurudumu yake, akajifunika, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mimi mgonjwa!"

Mimi miguu ilinipeleka shambani badala ya kunipeleka mbali. Nilitaka kuona kama mvua imelifunua. Nikafika kwenye lile tuta refu, nikasimama, na taa za landrova zikatokea kwenye ukungu, zikageuka na kona ya kijia, zikalimulika moja kwa moja.

Kaburi likafungua macho.

Mawili, mekundu, chini kabisa ya tuta, pale mvua ilipoosha udongo, yanawaka. Nilivisugua mwenyewe vile vioo, navijua, lakini hata mimi niliruka nyuma. Ndani ya gari mtu alipiga kelele, "Yesu wangu!" Gia ikalia, gari likarudi nyuma kwa kasi, likaingia mtaroni, likazima. Taa zikabaki zinawaka, zimeinama, na macho yale yakabaki yanawaka.

Ukungu tu.

"Nani hapo?" Ilikuwa sauti ya mkaguzi, lakini imepanda juu, imekosa sare.

"Ni sisi. Shikamoo."

"Nyinyi nani?"

"Mimi na marehemu," nikasema.

Naapa sikulipanga. Nilitaka kusema mimi na baba. Mlango wa upande wa pili ulifunguka, nikasikia miguu ya dereva ikienda mbio kuelekea mjini, na wala hakurudi asubuhi ile. Mkaguzi akashuka peke yake. Alikuja hatua kwa hatua, na alipoliona tuta, urefu wake, upana wake, udongo mbichi, alivua kofia. Hapo ndipo nilipotamani kulia. Kama angekuja anafoka ningejua la kufanya.

Baba alikuwa ameshafika, peku.

"Pole sana, fundi," mkaguzi akasema. "Sikuwa na habari kama mna msiba. Nani amefariki?"

Ilikuwa rahisi namna ile. Baba angetaja jina, mkaguzi angetoa pole nyingine, angeondoka, na tela lingebaki salama. Lakini kwetu mtu hamtaji aliye hai kwamba amezikwa. Ulimi ukishamzika, ardhi inasikia. Nilimwona baba akipita moyoni kwenye ukoo mzima, mmoja mmoja, hapati wa kumtoa. Mama yuko mbali. Bibi ni mzee. Na bibi mwenyewe, mgonjwa wa kitandani, alikuwa tayari amesimama mlangoni na mkongojo.

"Asinitaje mimi!" akapiga kelele. "Mwambie huyo bwana, mimi mzima!"

Baba aliinamisha kichwa. "Hakuna aliyekufa, afande. Ni tela."

Mkaguzi aligeukia tuta. Aliyatazama yale macho. Nilihesabu makosa yetu: kuficha mali, ekseli isiyo na karatasi, kudanganya ofisi, kumtishia dereva wa serikali. Nikamwona baba nyuma ya karandinga, nikaliona hata blanketi tutakalompelekea. Mkaguzi akavaa kofia. Akachuchumaa. Akatoa ile rula yake ya chuma, akapima kutoka kioo hadi ukingo wa bodi, upande huu, halafu upande ule.

"Vimekaa sawa," akasema. Halafu akakaa chini kwenye umande, na sare yake iliyonyooka, akapumua kama mtu aliyepandisha mlima. "Niliwaambia wenzangu wa Mbeya kwamba maneno ya uchawi wa Sumbawanga ni uongo. Nyinyi watu mtaniua. Chimbueni."

Tukachimbua, na yeye akashika jembe, nadhani kwa kupasha mikono moto. Bibi akaisafisha ile namba ya kwenye mkono kwa pindo la kanga.

"Mafuta nimeyaomba mwezi mzima nije nikupitishie tela," mkaguzi akasema. "Kumbe unanificha mimi?"

"Niliogopa kofia, afande. Sikujua ni kofia ipi itakayokuja, yako au ya wapekuzi."

Mkaguzi aliliweka jembe pembeni taratibu. "Ekseli?"

Na hapo baba akasema yote: landrova iliyopinduka, mjomba wa mama, gunia la ulezi. Sauti haikuwa nyembamba tena. Nafikiri hofu ikishafika mwisho inakosa pa kwenda.

"Hilo siwezi kulifumbia macho," mkaguzi akasema. "Nitaliandika kama ulivyolisema. Mwenye ekseli aje kituoni aseme mwenyewe, na kiongozi wa kijiji chake. Mpaka hapo tela halitembei, na wewe utaripoti kila asubuhi."

Kila asubuhi baba alitoka, na kila asubuhi sikujua kama atarudi. Shuleni nilikaa kimya mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza kama naumwa. Tulimpelekea mama ujumbe kwa lori la samaki. Ilipita zaidi ya wiki ndipo alipopanda kutoka ziwani, amechoka, na mjomba wake nyuma, mzee amekauka kama dagaa, na mwenyekiti wa kwao kando.

Kaunta ya kituo ilikuwa baridi. Mkaguzi aliuliza, "Mzee, ekseli hii ni yako?"

"Ilikuwa yangu. Gari lilinifia nikiwa ndani yake, nalijua kuliko mke wangu." Mzee akamgeukia baba. "Ila ule ulezi wako ulikuwa na mchanga."

"Mjomba!" mama akasema.

"Si ameniuliza? Nasema kweli mbele ya serikali."

Nilicheka, nikashindwa kuacha, nikatolewa nje. Nikiwa kwenye ngazi niligundua kwamba nalia. Baadaye baba akatoka, ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, na mama nyuma yake anafuta uso. Tela limepita.

Siku ya kulichukua, mwenyekiti alikuja na trekta asubuhi, na ukungu tena. Ubavuni pameandikwa uzito, nyuma kuna namba, na rangi bado inanuka. Mkaguzi alikuja kwa miguu, mafuta hakuna. Alitikisa pini, akavuta mnyororo, akasema, "Haya, barabara ni yako."

Baba alilisindikiza kwa miguu, nyuma yake, mpaka barabara kuu ilipoanza, na mimi nyuma ya baba. Vioo vilishika mwanga wa gari lililokuwa likija nyuma yetu, vikawaka vyote viwili. Lile gari likapunguza mwendo, likatupita kwa adabu. Nilimwona baba akijikunyata kwa ule mlio, bega moja limepanda, mpaka gari lilipopotea mbele.

Kwenye lile shimo bibi alipiga ntumba, ya mviringo safari hii, akapanda maharage. Nyundo ya baba bado inasimama hewani gari likipita. Inashuka mapema kidogo kuliko zamani.